Ni Binti Yangu Aliyemrekodi Mtoto wa Komadre Wangu

Wasomaji wangu, barua hii sikuichapisha wiki ile iliponifikia. Ndani yake kuna mtoto aliyekuwa anaumia, na mambo ya namna hiyo hayangoji zamu ya gazeti. Nilimjibu mama huyu kwanza, jibu likapanda basi la asubuhi kwenda mjini kwake, Caazapá, nami nikabaki nikisubiri. Sasa ameniandikia tena na kuniruhusu niyatoe yote, majina yakiwa yamebadilishwa. Someni taratibu.

Deolinda

*

Bi Deolinda,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakusoma tangu sijaolewa, na sikuwahi kudhani itafika siku nami nikuandikie, kwa sababu mimi ndiye ninayewasomea wenzangu ukurasa wako tukikaa kunywa tereré, ile chai yetu ya majani na maji baridi, uani mwa shule tukingoja watoto watoke, tunapokezana kikombe na kuwacheka wanaokuandikia, tunasema huyu naye alikuwa wapi mpaka mambo yakafika huku, na leo wa kuchekwa ni mimi, na sina wa kumweleza ila wewe, maana wote ambao ningewaeleza ndio hao hao niliowakosea.

Nina mtoto mmoja, Yanina, yuko darasa la sita. Mume wangu Cirilo ni fundi wa ujenzi Buenos Aires, tunamwona Krismasi na Wiki Takatifu, basi. Mwaka jana sisi akina mama wa darasa lile tuliwekeana ahadi kwamba hakuna mtoto wetu atakayepewa simu mpaka afikishe miaka kumi na mitano, tulikuwa tumechoshwa na visa vya watoto wa sekondari, wanavyotukanana humo ndani, wanavyoamka na macho mekundu, tukasema wa kwetu wacheze kwanza, na aliyesimama mbele kuyasema maneno hayo ni mimi, Bi Deolinda, niliongea mpaka nikapigiwa makofi. Mama mmoja tu alikataa, Porfiria, yule anayefuga kuku karibu na stendi. Alisema, "Wa kwangu simu anayo. Inakaa mezani pembeni ya redio, kila apitaye anaiona, na itaendelea kukaa pale. Siwezi kuahidi nisichokitenda." Tukamnunia wote. Na alipokwisha kuondoka, mimi nikasema hao ndio wavivu wa kulea.

Haukupita muda Cirilo akamtuma rafiki yake alete simu ya kioo kwa ajili ya mtoto, kwa kuwa yangu ni ya vitufe. "Mwanangu ananisahau, Nimia," aliniambia. "Nikija ananipa mkono kama mgeni. Mwache tuwe tunaonana." Ningemjibu nini baba wa watu? Nikampa Yanina, nikamwambia, "Hii ni siri yetu mimi na wewe. Ikijulikana, mama yako nitaficha wapi uso?" Tukawa tunaiweka kabatini chini ya mashuka. Mwanzoni ilikuwa ya baba tu, siku za Jumapili, halafu nikawa namwachia kidogo nikiwa nafua, kidogo nikiwa namenya muhogo, nikaona nyumba imetulia, hanisumbui, haniulizi kitu, nikajiambia angalau namwona. Kumbe nilikuwa namwona mgongo tu. Alikuwa ameingia kwenye kundi la wasichana wa sekondari, wakubwa kwake, waliompokea kwa sababu yeye ndiye mdogo mwenye simu ya siri, wakawa wanamwambia tuletee vichekesho vya huko kwenu kwa watoto, naye anawapelekea, na kila anachopeleka wanakirushia mioyo myekundu.

Sasa niseme lenyewe. Eustacia na mimi huitana komadre, kwa kuwa yeye ndiye aliyemshika Yanina siku ya ubatizo wake. Binti yake, Analía, na wangu wamekua kama mapacha, wamelala kitanda kimoja, wameugua surua pamoja. Mwezi uliopita Analía alipata hedhi yake ya kwanza akiwa shuleni, hakujua, na wewe unajua makoti ya shule zetu yalivyo meupe. Alikuwa anapita barazani na doa lile, na mtu akamrekodi kwa nyuma. Kwenye video yenyewe anasikia watu wanacheka, anageuka, Bi Deolinda, anageuka na kutabasamu. Anadhani kuna kichekesho na yeye anataka kuambiwa. Video inaishia kwenye tabasamu lile, imewekewa muziki na maneno ambayo sitayaandika.

Niliiona kwa mara ya kwanza kwa mama mwenzangu wa kamati ya wazazi, yeye aliipata kwa mpwa wake. "Hebu tazama unyama huu," akaniambia. Kabla sijaelewa ninachokitazama, nikasikia kicheko cha yule aliyeshika simu, kina kikwikwi kidogo mwishoni, na mimi kicheko kile nakijua tangu hakijaota meno. Nikamrudishia mwenzangu simu yake nikasema, "Jamani, ni nani huyu asiye na utu?" Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu.

Nilipofika nyumbani nikamwita.

"Yanina, ni wewe."

Hakubisha. Akaanza kubandua rangi ya ukucha wake. "Niliituma kwenye kundi tu, mama. Nilijua watacheka halafu basi."

"Analía! Analía huyu huyu wetu!"

"Waliipenda sana," akasema, na sauti yake ikawa ndogo. "Hawajawahi kupenda kitu changu namna ile. Halafu nilipoona imetoka nje ya kundi nikaogopa, nikaifuta. Mama, mimi nimeshaifuta."

Ameshaifuta! Nilinyanyua mkono nimchape, mkono ukaganda juu, maana simu ilikuwa pale kitandani, na aliyemfundisha kwamba simu ni kitu cha kuficha ni mimi.

Analía hatoki nje. Eustacia alimpeleka kwa mama yake mdogo huko mjini Encarnación ili watu wasahau, na mara ya kwanza kutumwa mkate dukani, msichana muuzaji akamkodolea macho akasema, "Wewe si yule wa video?" Akarudi huku kwao. Chakula anakichezea tu, nywele zake amezikata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, na amemwambia mama yake kwamba anatamani asingekuwepo. Haya yote komadre amenieleza jikoni kwangu, akilia begani kwangu, na mimi nampapasa mgongo nikimwambia, "Yatapita, komadre."

Na bado kuna jingine. Kamati imeshaamua kwamba mkosaji ni binti wa Porfiria, kwa vile ndiye mwenye simu inayojulikana. Ijumaa kuna mkutano, wanataka aondolewe shuleni. Porfiria amesimama langoni kwake akipiga kelele, "Njooni muichukue! Iko mezani! Ipekueni mpaka ndani!" na hakuna aliyekwenda. Komadre wangu alimtemea mate njiani, yeye ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Mimi ndiye katibu wa kamati. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumsomea mtoto yule makosa yake mbele ya wazazi wote.

Nilimweleza Cirilo, naye akasema, "Funga mdomo, Nimia. Hao ni watoto, watasahau. Ukisema, wa kwetu ndiye atakayenyooshewa vidole mpaka anaolewa." Nimewaza kuitosa simu kijitoni. Nimewaza kumpeleka Yanina kwa baba yake nimalize. Nikisema, nampoteza komadre na mtoto wangu anageuka adui wa mji mzima akiwa na miaka kumi na miwili, nisiposema, nitasimama Ijumaa nimhukumu mtoto asiye na hatia huku nikimtazama mama yake usoni. Nimlinde wangu au nimtoe? Nisaidie, nimefika mwisho wa akili zangu.

Mama wa Caazapá

*

Mama Yanina,

Kabla ya yote, weka kando aibu yako na mkutano wako. Mtoto amesema anatamani asingekuwepo. Maneno hayo hayangojewi mpaka Ijumaa. Ukimaliza kusoma mstari huu, vaa viatu uende kwa Eustacia umwambie kwamba Analía asiachwe peke yake hata kidogo, na kesho asubuhi mpelekeni hospitali mkaulizie mtaalamu wa saikolojia. Yupo, na kazi yake ni hiyo. Akisema hana nafasi, kaeni mlangoni mpaka aipate. Umeelewa? Haya, sasa tuongee.

Unaniuliza umlinde mwanao au umtoe. Mama, wewe hujamlinda, umemficha tu, na hayo mawili umeyachanganya tangu siku simu ilipoingia chini ya mashuka. Simu iliyofichwa haina mlezi. Hukuweza kumwekea saa za kuishika, kwa kuwa rasmi haikuwepo. Hukuweza kumuuliza mama mwenzako, "Hivi wa kwako huko ndani anaongea na nani?" Hukuweza hata kukaa naye mkaitazama pamoja, maana wewe mwenyewe uliionea haya. Mtoto akabaki humo peke yake na wasichana wakubwa, na wao ndio wakamfundisha kipi kinapendeza na kipi hakipendezi. Yule uliyemwita mvivu wa kulea alikuwa analea. Simu mezani, pembeni ya redio. Mimi ningekuwa wewe ningekwenda kumwomba anifundishe.

Nakuonea huruma, usifikiri sikuonei. Kulea peke yako huku mume yuko ng'ambo ya mpaka si mchezo, na kumnyima baba uso wa mwanawe hakuna ambaye angekuambia ni vyema. Simu kuja nyumbani haikuwa dhambi. Ungewaambia wenzako siku ile ile, "Jamani, baba yake ameleta, nimeshindwa kukataa, tufanyeje?" wangenuna kidogo, na nina hakika nusu yao wangekwambia na wao wanayo kabatini.

Lakini huruma yangu inaishia pale jikoni kwako. Umemwacha mama wa mtoto aliyeumizwa akulilie begani, ukamwambia yatapita! Yatapitaje, na wewe ndiye uliyeyazibia njia? Na mkono wa katibu usithubutu kushika karatasi ya kumhukumu binti wa Porfiria. Ukisoma hata neno moja la karatasi ile, usiniandikie tena.

Nenda kwa Eustacia na Yanina mwenyewe, leo, kwa miguu yenu. Usimtangulize mtu wa kuwasemea, wala padre. Yanina aseme kwa kinywa chake alichofanya, wewe useme cha kwako, kwamba simu uliitoa wewe na siri uliitunza wewe. Usimtaje Cirilo. Usiseme "ni watoto tu." Usiombe usamehewe papo hapo, kwa kuwa anayeomba hivyo anataka apumue yeye, na asiyepumua mle ndani ni Analía. Mkifukuzwa, ondokeni kimya. Mkitoka hapo, moja kwa moja kwa Porfiria na binti yake. Halafu mwalimu mkuu. Kamati iwe ya mwisho kusikia, na isikie kutoka kwako umesimama pale pale uliposimama siku ulipopigiwa makofi.

Hiyo video usimtumie mtu yeyote, hata kama ushahidi, hata mimi. Kila anayeituma anamvua nguo mtoto yule upya. Nendeni na mwalimu nyumba kwa nyumba kwa wale wasichana wa sekondari, wazazi wao wakiwepo, ifutwe mbele ya macho yenu, na mahali ilipopachikwa hadharani toeni malalamiko iondolewe, tena na tena. Haitaisha yote. Msimdanganye Analía kwamba itaisha. Mwambieni kilichomtoka ni kitu ambacho mama yake, mimi na wewe kimetutoka sote, na aibu ya siku ile ni ya waliocheka.

Kuhusu Yanina, mkono uliouzuia uendelee kuuzuia. Kijitoni usitose kitu, maana atajifunza kwamba kosa lilikuwa la chuma. Mwondoe kwenye lile kundi yeye mwenyewe akiwa ameketi kando yako, kisha simu ikae mezani, ya kuongea na baba yake, na wewe upo. Na umuulize swali ambalo hukuuliza siku ile. Alisema hawajawahi kupenda kitu chake namna ile. Muulize ni lini mara ya mwisho wewe ulipenda kitu chake, ukakitazama mpaka mwisho bila kugeukia sufuria. Jibu lake litakuuma. Lisikilize.

Mumeo mwambie hivi, kwamba kunyooshewa vidole kunapita, lakini mtoto aliyefundishwa na wazazi wake kunyamaza mwenzake akiangamia, huyo mtakuja kumwogopa wenyewe.

Inuka sasa, mama. Nenda.

Deolinda

*

Bi Deolinda,

Nilikwenda. Nilitaka kungoja jua lipungue, nikakumbuka ulivyoandika, nikamshika Yanina mkono tukatoka.

Eustacia alikuwa anapepeta maharage. Nilianza na habari ya hospitali na ya Analía kutoachwa peke yake. Yanina alisema yote, nami nikasema cha kwangu. Halafu akafanya tunavyofanya kwa mama wa ubatizo, akaunganisha viganja kifuani kumwomba baraka. "Usiniunganishie mimi viganja," komadre akamwambia. "Mle ndani ndimo kuna mtu." Yanina akaenda mpaka kwenye pazia la chumba. Sauti ya Analía ikatoka, "Mama, mwambie aondoke." Tukaondoka. Kabla sijafika langoni Eustacia akaniita kwa jina langu, si komadre, akasema, "Nimia, ulinipapasa mgongo." Sidhani kama kuna tusi ambalo lingeniuma kuliko hilo.

Lakini asubuhi yake nilimkuta hospitali ameketi na Analía, na hakunifukuza. Analía anaonana na mtaalamu kila wiki sasa. Anakula.

Porfiria alituandalia viti, akatusikiliza, akaanza kulia kwa hasira. "Mmemfanya mwanangu ashindwe kupita njiani," akasema. Binti yake akamuuliza Yanina, "Kwa nini hukusema? Ulikuwa unaniona kila siku." Nami sikumjibia Yanina. Mkutanoni nilisimama mbele nikasema, na safari hii ilikuwa kimya tupu. Ukatibu nimeuacha. Walipotoka, mama mmoja alinifuata kando akaninong'oneza, "Na mimi ninayo moja, iko kwenye gunia la mahindi." Wiki iliyofuata akaitoa, na mwingine naye akaitoa. Sasa tunakaa nazo Jumamosi mchana ukumbini shuleni, wazazi na watoto, Porfiria ndiye anayetuongoza.

Cirilo alinuna siku kadhaa, halafu akapiga na kuomba aongee na Eustacia. Sijui alimwambia nini.

Analía amerudi shuleni. Anakaa na binti wa Porfiria, wameshikana kama ndugu. Wangu anakula chipa yake, kile kimkate cha jibini, peke yake wakati wa mapumziko, nimemwona kwa macho yangu nikipita nje ya uzio, na sikuingia kumwombea nafasi. Hilo ndilo gumu kuliko yote, Bi Deolinda.

Jana Yanina alirudi akakaa jikoni, hakuwasha chochote. Nikaacha sufuria nikaketi naye.

"Leo Analía ameniomba nimwazime rula," akasema.

"Ukampa?"

"Nikampa. Hakusema asante."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Hajanirudishia."

"Atakurudishia kesho."

"Hata asiponirudishia, mama," akasema, "akae nayo."